Gari, Ngari na Sikio la Mama Njeru

Vijana wangu mlioachiwa chumba cha masikio, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani inayopiga kelele kama kinu cha posho. Nadhani mlitaka kuhakikisha kwamba mzee anastaafu akiwa bado anasikia. Ninasikia. Nilisikia hata mkinong'onezana mlangoni kwamba nilipenda kuongea kuliko kupima. Sasa mmeniomba niandike ya kazini, nami naandika, lakini habari za vyeo msitegemee. Vyeo vyangu vilipanda polepole hivi kwamba hata mimi mwenyewe sikuviona vikipita.

Nilianza kama mfagiaji katika hospitali ya Meru mjini. Shule ilikuwa imeniacha njiani nikiwa mdogo, nikaifuata tena nikiwa na ndevu, jioni baada ya kazi, magoti yangu yakigonga dawati mpaka likang'oka misumari. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu mkali kwa herufi. Sisi Wameru hupenda kuiegemeza herufi b kwenye bega la m, tukasema "mbata" tukimaanisha bata. Mwalimu yule hakukubali. Tulirudia "bata, bata, bata" mpaka bata wenyewe huko nje wakaanza kuitika. Nilitoka pale na cheti, na ulimi ulionyooka kuliko barabara mpya ya lami. Kiswahili hicho ndicho kilichonipatia kazi yenu hii. Ndicho pia kilichonifanya nimkosee mgonjwa kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, na nitafika huko.

Siku ya kwanza kuingia chumba cha masikio niliingia na ufagio. Fundi alikuwa Mzee M'Ikiara, mtu mrefu, mwembamba, aliyeongea kwa sauti ya chini kuliko mtu yeyote wa Meru niliyewahi kukutana naye. Alikuwa amemkalisha mama mmoja kwenye kiti, na msaidizi wake hakuwa amefika.

"Weka huo ufagio," akaniambia. "Shika tochi. Na usipumue ndani ya sikio la mtu."

Nilishika tochi kama mtu aliyeshika taa ya mbinguni. Akaingiza kipamba kidogo chenye uzi, akakisukuma taratibu mpaka ndani. Kisha akachukua ule unga wa rangi ya waridi uliokandwa kama chapati mbichi, akaujaza sikioni ili achukue umbo la sikio la kutengenezea kifaa. Nikamuuliza pamba ni ya nini.

"Ukisahau pamba," akasema, "hii kitu itapita moja kwa moja iende kusalimia ubongo."

Tangu siku hiyo sijawahi kusahau pamba. Ninyi pia msisahau. Nimechukua maumbo ya masikio mengi kuliko majani ya chai yaliyoko Embu yote, na kila mara nasikia ile sauti ya chini ikiniuliza, pamba iko?

M'Ikiara alinifundisha pia kwamba kifaa cha kusikia hakichaguliwi kwa kuangalia sikio. Kinachaguliwa kwa kuangalia vidole. Sikumwamini mpaka alipokuja Baba Mwenda, mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta, mtu mwenye vidole kama mahindi ya kuchoma. Alikuwa amesikia kwamba kuna kifaa kidogo kinachozama chote ndani ya sikio, na akakataa kuonyeshwa kingine.

"Nataka hicho cha kujificha," alisema. "Sokoni wakijua sisikii, wananimaliza."

"Baba Mwenda, hiki cha nyuma ya sikio ni kikubwa kidogo, lakini utakishika vizuri," nikamwambia.

"Hicho weka wewe. Mimi sijazeeka."

Nikashindwa naye, nikampa kile kidogo. Siku ya pili ya soko kilimdondoka akifunga miraa. Kikaviringishwa pamoja na bunda ndani ya majani ya mgomba, mzigo ukapakiwa, gari likaondoka kama linafukuzwa. Naamini mpaka leo kuna mtu huko ng'ambo aliyetafuna bunda lake kwa raha mpaka katikati, akakutana na sikio la Baba Mwenda. Aliporudi kwetu, M'Ikiara hakumkemea. Alimwekea betri moja mezani, ile ndogo kama punje ya ndengu, akasema, "Okota." Chai yetu ilipoa Baba Mwenda akiwa bado anaikimbiza betri mezani. Akachukua kifaa cha nyuma ya sikio. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anakitangaza soko zima. Wateja wakianza kulalamika kwamba miraa ni ya jana, anakizima tu, anatabasamu.

Mengine mnayajua, lakini nitayasema kwa sababu watu huyasahau mara tu wanapotoka mlangoni. Waambieni wafungue mlango wa betri wanapovua kifaa, la sivyo betri inafanya kazi bure ikisikiliza kabati. Msimu wa mvua wakiweke kwenye kopo lenye mchele mkavu. Kikipiga mluzi, hakijaharibika. Hakijakaa vizuri, au sikio limejaa nta. Na wasikiweke dirishani. Nilimjua jogoo mmoja huko Kianjai aliyemeza kifaa, na mwenyewe akaapa kwamba tangu siku ile jogoo huyo alikuwa anaitika akiitwa jina.

Baadaye nilihamishiwa Embu, M'Ikiara akiwa ameshastaafu, nami nikawa fundi mkuu wa chumba kizima, yaani fundi wa pekee. Mara moja kwa mwezi tulifanya kliniki Siakago, kule chini kwenye joto, pamoja na Bi Muthoni wa kumbukumbu za wagonjwa. Bi Muthoni ni mzaliwa wa Embu, rika langu, na mdomo wake haukuwahi kupata likizo.

Huko Siakago ndiko alikonijia Mama Njeru.

Alikuwa mjane, amevaa kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi mpaka kikang'aa. Alikuwa mkalimani wa kanisa lao. Pasta wao ni mtu wa mbali, huhubiri kwa Kiswahili, na Mama Njeru husimama ubavuni mwake akigeuza kila sentensi kuwa Kimbeere, kwa ajili ya wazee na kina mama ambao Kiswahili chao huishia dukani. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Shida ilitokea Jumapili moja pasta aliposema kwamba Waisraeli walikula mana jangwani. Mama Njeru akawatangazia watu, kwa Kimbeere safi na kwa sauti ya imani, kwamba Waisraeli walikula mwana.

"Kanisa lote liliguna," akaniambia. "Bibi mmoja akauliza kwa sauti, mwana wa nani?"

Nilicheka, nikajaribu kugeuza kicheko kiwe kikohozi. Yeye hakucheka.

"Ndagitari, wewe cheka tu." Ndivyo watu wa huko wanavyosema daktari, na mimi si daktari, lakini sikuwahi kumsahihisha mtu kwa kunipandisha. "Askofu anakuja baada ya miezi mitatu. Bwana Nyaga, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amesema nikikosea tena mbele ya askofu, kazi apewe mwalimu fulani wa sekondari. Amesema nimezeeka, nikae chini nisikilize kama wengine."

"Na wewe unasemaje?"

"Nisikilize na nini?" akasema. Kisha akatazama mikono yake. "Kule chini kwenye viti mimi ni mjane mmoja tu kati ya wajane. Pale juu kwenye ngazi nina kazi. Nipe masikio, Ndagitari. Miezi mitatu."

Basi nikampima. Kwanza sauti za mashine, zile za pii pii, naye anabonyeza kitufe akizisikia. Matokeo yakasema usikivu wake umepungua kiasi cha kati, zaidi kwenye sauti nyembamba. Jambo la kawaida kabisa. Kisha nikampima kwa maneno. Nilikuwa na orodha yangu mwenyewe, niliyoichapa vizuri na kuibandika ukutani. Nafunika mdomo wangu kwa kadibodi, nasema neno, mgonjwa analirudia.

"Gari," nikasema.

"Ngari," akasema.

Nikaweka alama ya kosa. Ngari kwao ni chui. Mimi nampelekea gari, yeye anapokea chui!

"Dawa."

"Ndawa."

Kosa. "Lala."

"Rara."

Kosa. Nikasema chai, akasema shai. Nikasema kalamu, akaenda karamu. Karatasi yangu ilijaa alama za mkasi mpaka ikaonekana kama uzio wa miiba. Kwa karatasi ile, mama huyu alikuwa karibu kiziwi kabisa wa herufi.

M'Ikiara alikuwa na sheria kwamba vipimo viwili vikigombana, usichukue upande wa yeyote mpaka ujue ni nani anayedanganya. Sheria hiyo niliijua vizuri. Lakini orodha ilikuwa yangu, na Kiswahili kilikuwa changu, kwa hiyo nikachukua upande wangu. Mwezi uliofuata nilimletea vifaa viwili vya nyuma ya sikio, vikiwa vimeongezwa nguvu kwenye sauti nyembamba kupita kipimo cha mashine, ili herufi zimfikie kwa nguvu. Nilimfundisha kukunja kitambaa chake kipite nyuma ya kifaa, maana kitambaa kikifunika vile vitundu vidogo, mtu husikia kitambaa peke yake kama mtu anayepepeta mahindi. Nikamuaga nikiwa nimejaa sifa zangu mwenyewe.

Baada ya wiki mbili tu alipanda mpaka Embu bila miadi. Vifaa alikuwa amevifunga ndani ya leso, akaiweka leso mezani polepole kama mtu anayerudisha nyoka.

"Ndagitari, umenifungulia kiwanda kichwani."

"Vipi, Mama?"

"Kuku wakitembea nasikia kama wanavunja mabati. Kijiko kikigusa sahani, naruka. Jumapili kwaya ilipopiga kayamba, niliona nyota. Nikavitoa hapo hapo mbele za watu, na Nyaga ananitazama. Unajua alisema nini tukitoka? Alisema, 'Mama Njeru amewekewa redio, lakini haishiki stesheni.'"

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia, 'Nyaga, hata ukiwa stesheni, nitakuzima.'" Akakaa kwenye kiti, na ule ujasiri wote ukamtoka. "Lakini ni kweli haishiki. Askofu anakuja mwezi ujao. Kama ni kukaa chini, niambie sasa, nikae chini kwa hiari yangu. Nisingoje kushushwa."

Nikamwambia tutapima tena. Nikachukua kadibodi, nikafunika mdomo, na Bi Muthoni akaingia wakati huo huo kuchukua faili. Akasimama mlangoni kusikiliza, maana ndiyo ilikuwa tabia yake.

"Gari," nikasema.

"Ngari."

Nikaweka kosa.

"Mbona umemwekea kosa?" Bi Muthoni akauliza.

"Amesema ngari."

"Ndiyo. Gari."

"Bi Muthoni, nimesema gari, yeye amesema ngari."

"Si ndivyo tunavyosema?" Akageukia Mama Njeru, akamuuliza kwa Kimbeere yule ngari aliyemsikia ana magurudumu au ana mkia. Mama Njeru akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama jua ni la duara.

"Ana magurudumu," akasema. "Nani atakuja hospitali kuambiwa habari za chui?"

Nikasimama na kalamu yangu hewani. Bi Muthoni akanitazama, akatazama orodha ukutani, akanitazama tena.

"Mwanaume wewe," akasema, "unapima sikio ama unapima Kiswahili?"

Vijana, nimewahi kuumwa na nyuki, nimewahi kuanguka kutoka juu ya paa la kanisa, nimewahi kufeli hesabu mbele ya mke wangu. Hakuna kilichoniuma kama swali lile. Maana mimi mwenyewe, kabla ya shule ya jioni, nilikuwa nasema mbata. Na nilikuwa nawasikia bata vizuri kabisa.

Nikamwomba Mama Njeru msamaha. Sikumzungushia maneno. Nilimwambia, "Mama, sikio lako halikukosea. Nilikosea mimi. Nilikuwa nakusahihisha badala ya kukusikiliza."

Akasogeza kiti karibu. "Kwa hiyo mimi si kiziwi sana?"

"Si kiziwi sana."

"Na Kiswahili changu?"

"Kiswahili chako kina chui wengi," Bi Muthoni akasema, "lakini wote wana magurudumu."

Hapo ndipo Mama Njeru alipocheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko kikubwa cha kutoa machozi, na mimi nikacheka naye kwa sababu nilistahili.

Tulimpima upya kwa picha. Bi Muthoni alichora gari, bata, kikombe cha chai, mtu amelala. Michoro ilikuwa mibaya ajabu, bata alifanana na kiatu, lakini Mama Njeru alikuwa anaonyesha kwa kidole tu, na kidole hakina lafudhi. Alikosea machache, yale yale ambayo mashine ya pii pii ilikuwa imeniambia tangu mwanzo. Nikavirudisha vifaa kwenye nguvu za mashine, kisha nikapunguza tena kidogo, kwa sababu masikio yaliyoogopeshwa hayasahau haraka.

Halafu ikaja ile kazi ambayo watu hawaioni, ya kuzoea. Nilimwambia aanze jikoni, saa moja asubuhi na saa moja jioni, asikie kuni na sufuria mpaka zimchoshe. Wiki iliyofuata aongee na mtu mmoja tu, uso kwa uso. Kisha redio, taarifa ya habari, akigeuza kila sentensi kwa Kimbeere akiwa peke yake nyumbani. Kisha mazoezi ya kwaya, akae nyuma, mbali na kayamba. Kanisani aingie mwisho kabisa. Nilizungumza na pasta pia, mtu mpole. Nikamwomba amweke Mama Njeru kushoto kwake, ambako sikio la kulia la mama, lile zuri, litakuwa karibu na mdomo wa mhubiri, na asiongee akiwa amewageuzia watu mgongo. Pasta akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anageuka.

Sikulazimika kwenda siku ya askofu. Nilienda, na Bi Muthoni akaja pia, akisema anataka kuona kama michoro yake imezaa matunda. Tulikaa karibu na mlango. Kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Bwana Nyaga alikuwa mstari wa mbele na suti ya kijivu, na kando yake yule mwalimu wa sekondari, ameshika Biblia mbili, ya Kiswahili na ya lugha ya nyumbani, tayari kuitwa.

Askofu alikuwa mhubiri wa haraka. Mama Njeru alimkimbiza sentensi kwa sentensi. Mara mbili alimgusa kiwiko akamwomba arudie, na askofu akarudia bila shida. Mimi nilikuwa nimeloa jasho kama niliyelima ekari tatu. Wanakijiji walicheka pale pa kucheka, wakaitikia pale pa kuitikia, na Bi Muthoni aliyekuwa anaelewa pande zote mbili akawa ananigusa mguu kila mara, kumaanisha sawa, sawa, sawa.

Kisha askofu akaanza kuomba. Akainamisha kichwa, uso ukafichika, sauti ikashuka. Aliwaombea wajane wa kanisa lile. Mama Njeru naye aliinamisha kichwa, kwa hiyo hata kama midomo ingeonekana, hakuiangalia. Aligeuza sentensi ya kwanza. Akageuza ya pili. Askofu akasema maneno mengine machache, naye akayageuza.

Halafu kukawa kimya.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo halimo kwenye vitabu vyenu. Mtu aliyepoteza usikivu huogopa kimya kuliko kelele. Hajui kama mwenzake amenyamaza au maneno yamempita. Kwa hiyo mkalimani asiyesikia hujaza, huongeza sala yake mwenyewe, huweka amina pale isipokuwepo, ili asionekane amepitwa. Nilijua Mama Njeru alikuwa amejaza hivyo kwa miaka. Na kimya kile kilikuwa kirefu. Bwana Nyaga akainua kichwa. Mwalimu wa sekondari akafungua Biblia moja. Nikamshika Bi Muthoni mkono nikaufinya mpaka akanipiga kofi.

Mama Njeru alisimama pale kwenye ngazi, kichwa chini, mikono imefungwa, hakusema kitu.

Kisha askofu akavuta pumzi, akaendelea, "Na uwape nguvu." Na Mama Njeru, kabla pumzi haijaisha, akawapa nguvu kwa Kimbeere.

Baada ya ibada kulikuwa na chapati na ndengu chini ya hema. Bwana Nyaga alipita na sahani yake, akasimama mbele ya Mama Njeru, akakohoa. "Mama, mwezi ujao ni sherehe ya vijana," akasema. "Ujipange. Wanaongea haraka kuliko askofu." Akaenda zake. Kwa mtu kama Nyaga, hiyo ni hotuba nzima ya kuomba radhi.

Nikasogea karibu na Mama Njeru, kwa upande wa kulia.

"Mama, ile mara ya kimya ulinitoa roho. Nilidhani betri zimekwisha. Mbona ulinyamaza?"

Akanitazama kwa huruma, akanimegea kipande cha chapati yake.

"Kwani askofu alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Sasa Ndagitari," akasema, "ulitaka nitafsiri nini?"